Kinga ya rangi ya gari: anayepaka mwenyewe aanze na hesabu

GARI dogo lililotumika linapowekwa sokoni Dar es Salaam, mnunuzi hutazama rangi kabla ya kuomba boneti lifunguliwe. Rangi iliyofifia juu ya paa, au mlango mmoja unaong'aa kuliko mwenzake, humpa dalali wa upande wa pili sababu ya kushusha bei hata kama injini haina kasoro. Kwa mwenye gari moja ambalo ndilo mtaji wake wote, liwe la teksi au la kupeleka mzigo, tofauti hiyo ya bei inaweza kuwa akiba ya miezi kadhaa.

Hali hiyo ndiyo inayoipa soko dawa inayouzwa katika chupa ndogo za mililita 30 au 50 kwa jina la kinga ya seramiki. Wauzaji wake huahidi kwamba gari likipakwa mara moja litang'aa kwa miaka kadhaa, na kwamba mwenye gari anaweza kuipaka mwenyewe nyumbani bila kwenda kwa fundi. Ahadi hizo zina ukweli ndani yake, lakini pia zina mitego. Mwenye mtaji mdogo anastahili kuijua kabla hajatoa fedha yake.

Suala hilo lina uzito zaidi katika Afrika Mashariki kwa sababu magari mengi huingia yakiwa tayari yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kubadilisha gari ni gharama, kwa hiyo wengi hukaa na gari walilonalo kwa miaka mingi, na rangi ya kiwandani inalazimika kudumu muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa na mnunuzi wake wa kwanza.

NINI KINACHOKINGWA

Rangi ya gari la kisasa huwa na matabaka. Chini kabisa, juu ya bati, kuna rangi ya msingi inayozuia kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe inayoonekana, na mwisho kuna vanishi isiyo na rangi ambayo ndiyo huleta mng'ao. Matabaka yote kwa pamoja katika gari la kiwandani huwa na unene wa takriban maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi pekee huwa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele wa binadamu.

Vanishi hiyo ndiyo inayopigwa na jua, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halina likizo. Mionzi yake huichosha vanishi hadi ikapauka, hasa juu ya paa, boneti na buti. Kinyesi cha ndege nacho kina tindikali, na wakazi wa Dar es Salaam wanaoegesha chini ya miti yenye kunguru wanajua alama zinazobaki kikiachwa kukauka juani. Utomvu wa miti hufanya vivyo hivyo. Aidha, maji ya visima vya chumvi, ambayo hutumika sana kuoshea magari mjini humo, huacha madoa meupe ya madini yakikaukia juu ya bati.

Kwa miaka mingi kinga iliyozoeleka imekuwa waksi, na iliyo maarufu zaidi ni ya kanauba, inayotokana na majani ya aina ya mnazi unaoota Brazili. Waksi hung'arisha vizuri na kupakwa kwake hakuhitaji ujuzi mkubwa, lakini huyeyuka na kuoshwa baada ya wiki au miezi michache.

Kinga ya seramiki ni kitu kingine. Ni dawa ya majimaji yenye misombo ya silikoni, jamii ya malighafi inayotoa kioo. Ikipakwa juu ya vanishi safi, kiyeyushi chake huruka, nayo dawa hukutana na unyevu wa hewani, hushikana na vanishi na kuwa utando mgumu. Utando huo hauondoki kwa sabuni ya kawaida. Maji yanapoanguka juu yake hujikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteleza, hivyo uchafu mwingi huondoka na maji na gari huosheka kwa urahisi.

UGUMU WA '9H'

Tangazo linalowavuta wanunuzi wengi ni lile la ugumu wa '9H'. Baadhi ya wauzaji huuelezea kama kwamba dawa hiyo inakaribia ugumu wa almasi. Hapo mnunuzi anapaswa kuwa macho, kwa sababu vipimo viwili tofauti huchanganywa.

Kipimo cha 9H ni cha penseli. Mpimaji hukwaruza rangi kwa penseli za ugumu tofauti na kuangalia ni ipi inayoacha alama. Dawa inayopewa 9H ni ile ambayo hata penseli ngumu ya daraja hilo haikuikwaruza. Kipimo kinachotumika kwa mawe ni cha Mohs, kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho almasi hupata 10. Katika kipimo hicho kwatzi, ambayo ni sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, hupata 7, na hiyo ni ngumu mno kuliko penseli yoyote.

Maana yake kwa mwenye gari ni nyepesi kueleweka. Kitambaa chenye mchanga kitalikwaruza gari lenye kinga ya seramiki kama kinavyolikwaruza lisilo nayo, ingawa mikwaruzo midogo sana inaweza kupungua. Jiwe linalorushwa na lori katika barabara ya vumbi litang'oa rangi na kinga pamoja, kwani utando huo huwa na unene wa maikroni moja au chache tu. Anayetaka kuzuia mawe hana budi kununua nailoni maalumu ya kubandika, ambayo unene wake ni zaidi ya maikroni 150 na bei yake ni kubwa zaidi.

Vilevile kinga hiyo haitibu kutu, haijazi mashimo wala haifuti mikwaruzo iliyopo. Mikwaruzo ambayo haikuondolewa kwanza itabaki chini ya utando ikionekana vizuri zaidi kuliko mwanzo.

KAZI YA NYUMBANI ILIVYO

Jambo linalowashangaza wengi wanaojaribu ni kwamba kupaka dawa yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Maandalizi ndiyo hula muda, na kwa mtu asiye fundi siku mbili si nyingi.

Kwanza gari huoshwa kwa shampuu ya magari, si sabuni ya unga, kwa ndoo mbili: moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudishwe kwenye bati. Baada ya hapo hupulizwa dawa ya kuondoa chembe za chuma, ambazo nyingi hutokana na vumbi la breki. Hufuata udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya bati lililoloweshwa na kunasa uchafu ambao sabuni haikuuondoa. Njia rahisi ya kujua kama kazi imekamilika ni kuvaa mfuko laini wa nailoni mkononi na kupapasa. Penye uchafu mkono husikia chenga, penye usafi husikia kama kioo.

Hatua ya pili ni polishi ya kuondoa mikwaruzo. Hapa ndipo mafundi wa nyumbani huharibu magari, kwa kuwa polishi hufanya kazi yake kwa kusaga vanishi. Kila mara inapopigwa, maikroni kadhaa hupungua, na zikiisha hazirudi isipokuwa kwa kupaka rangi upya. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, ni salama kupiga polishi laini kwa mkono na kuacha mikwaruzo mirefu ilivyo. Baadhi ya magari ya kazi, hasa meupe ya zamani, hayana vanishi kabisa. Kitambaa cha polishi kikichukua rangi ya gari, hiyo ndiyo dalili.

Hatua ya tatu ni kufuta gari lote kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta ya polishi. Mafuta yakibaki, dawa itashika mafuta badala ya kushika vanishi, na miezi michache baadaye mwenye gari atadhani aliuziwa bidhaa bandia.

Ndipo dawa hupakwa. Matone machache huwekwa kwenye kitambaa kidogo kilichozungushiwa kipande cha sponji, kisha sehemu isiyozidi nusu ya mlango hupakwa kwa mistari ya wima na tena ya mlalo. Baada ya muda mfupi dawa huanza kuonyesha rangi kama za upinde wa mvua, na hapo hufutwa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, kisha cha pili kikavu, hadi pasibaki alama. Sehemu inayofuata haianzwi kabla ya iliyotangulia kukaguliwa kwa taa kutoka pembeni.

Pakisahaulika mahali, dawa huganda na kuacha doa zito. Likigunduliwa mapema, tone jingine la dawa hulilainisha na likafutika. Likigunduliwa kesho yake, dawa yake ni polishi, maana yake kusaga na kuanza upya sehemu hiyo.

Baada ya kazi gari lisiguswe na maji wala umande kwa saa 24, na lisioshwe kwa sabuni kwa muda wa wiki moja hivi. Vitambaa vilivyotumika kupakia vitupwe, kwani dawa iliyokauka ndani yake hukwaruza. Mpakaji avae glovu na afanye kazi penye hewa ya kutosha, mbali na moto, kwa kuwa viyeyushi vyake huwaka na mvuke wake si mzuri kwa mapafu.

MAJIRA NA MAHALI

Maelekezo mengi ya chupa huandikwa kwa kufikiria nchi za baridi. Yanaposema mpakaji asubiri dakika 2 au 3 kabla ya kufuta, mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayesubiri muda huo mwezi wa Februari huenda akakuta dawa imekwisha kuganda. Joto huharakisha kuruka kwa kiyeyushi, na unyevu wa pwani huharakisha kuganda kwa dawa. Dawa ni kufanya sehemu ndogo zaidi, kutazama bati badala ya saa, na kufanya kazi alfajiri bati likiwa la baridi.

Kwa ukanda wa pwani miezi ya Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya joto la mwisho wa mwaka, ndiyo yenye nafuu. Sehemu za juu kama Arusha, Mbeya na Nairobi hali huwa kinyume. Huko baridi ya asubuhi inaweza kuichelewesha dawa, na mpakaji hulazimika kusubiri kidogo zaidi. Kote, kazi ifanyike chini ya paa. Uani penye upepo na vumbi hapafai, na chini ya mwembe ni pabaya zaidi.

HESABU YA MWENYE GARI

Swali la mwekezaji mdogo ni kama gharama hiyo inalipa. Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, hivyo takwimu zinazofuata ni za mfano tu, na kila mmoja anaweza kuweka za kwake.

Tuseme chupa ya mililita 50 ni Sh. 120,000, udongo na dawa ya chembe za chuma Sh. 45,000, polishi na sponji Sh. 40,000, vitambaa Sh. 25,000, spiriti na glovu Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 250,000. Tuseme pia kwamba mwenye gari ni dereva wa teksi anayebakiwa na Sh. 50,000 kwa siku, na gari limesimama siku mbili. Hiyo ni Sh. 100,000 nyingine, na gharama halisi inakuwa Sh. 350,000.

Upande wa pili, tuseme waksi hupakwa na mwosha magari kila miezi mitatu kwa Sh. 35,000 wakati gari linapooshwa kama kawaida. Kwa miaka miwili ni mara 8, yaani Sh. 280,000, au karibu Sh. 11,667 kwa mwezi.

Kinga ya seramiki ikidumu miaka miwili, dereva huyo atakuwa amelipa karibu Sh. 14,583 kwa mwezi. Amepata hasara ukilinganisha na waksi. Ili alingane nayo, kinga inapaswa kudumu miezi 30. Ikiwa kazi ilifanywa vibaya na imedumu mwaka mmoja tu, gharama inapanda hadi zaidi ya Sh. 29,000 kwa mwezi. Hata hivyo, mtumishi anayefanya kazi hiyo Jumamosi na Jumapili, gari likiwa limepumzika, gharama yake ni Sh. 250,000 pekee, na atalingana na waksi kabla ya kutimia miezi 22.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba bei ya chupa siyo inayoamua. Kinachoamua ni siku za kazi zinazopotea na ubora wa maandalizi. Ndiyo maana fundi anayetoza Sh. 600,000 kwa mfano huohuo hulipa tu iwapo kazi yake itadumu zaidi ya miaka minne, muda ambao gari linalooshwa kila siku kwa kitambaa cha kituo cha mafuta si rahisi kuufikia.

Majirani wawili wenye magari madogo wanaweza kupunguza mzigo kwa kufanya kazi siku moja. Polishi na udongo hutosha wote, na chupa ikishafunguliwa hukutana na unyevu na kuanza kuganda, kwa hiyo masalio yake hayafai kuwekwa kwa ajili ya mwakani.

HESABU YA YADI

Mfanyabiashara anayeagiza magari na kuyauza ana hesabu tofauti kabisa. Yeye hakai na gari miaka miwili, hukaa nalo wiki au miezi. Faida ya kinga ya seramiki, ambayo ni kudumu, humwendea mnunuzi, ilhali gharama inabaki kwake. Kwake yeye kuosha vizuri, polishi laini na waksi hutoa karibu mng'ao uleule machoni pa mteja kwa gharama ndogo. Kinga ya muda mrefu inaweza kuuzwa kama huduma ya nyongeza, ikilipiwa na mnunuzi mwenyewe baada ya kukubaliana bei ya gari.

Kuna jambo jingine linaloihusu yadi na mnunuzi pia. Mng'ao wa kinga mpya unaweza kuficha historia. Mlango au bampa lililopakwa rangi upya baada ya ajali huweza kung'aa sawa na sehemu nyingine likipigwa polishi na kinga. Mnunuzi makini hutumia kipimo kidogo cha unene wa rangi, kinachowekwa juu ya bati na kusoma maikroni. Sehemu inayosoma 120 na nyingine 400 katika gari moja zinasema kwamba ya pili imepakwa upya au imejazwa. Chombo hicho hakisomi kwenye plastiki, hivyo bampa nyingi hulazimika kukaguliwa kwa macho.

Gari lililotoka kupakwa rangi nalo lisiwekwe kinga haraka. Rangi mpya huendelea kutoa kiyeyushi kwa muda, na ni busara kuiacha angalau mwezi mmoja kabla ya kuifunika, isipokuwa fundi wa oveni ameelekeza vinginevyo.

KABLA YA KULIPA

Wanunuzi wanashauriwa kutofautisha chupa za aina mbili. Ipo dawa kamili, ambayo hupakwa kidogo kidogo na kuganda. Ipo pia sprei inayopulizwa na kufutwa, yenye kiasi kidogo cha dawa hiyohiyo, ambayo hudumu miezi tu. Sprei si bidhaa mbaya, na kwa dereva wa teksi wa mfano hapo juu huenda ikawa na nafuu kuliko zote, lakini haipaswi kulipiwa bei ya dawa kamili kwa sababu tu imeandikwa seramiki.

Chupa isiyo na tarehe, jina la mtengenezaji wala maelekezo ya joto na muda wa kufuta haistahili kununuliwa. Ikitikiswa na kuonekana na chenga, imekwisha kuanza kuganda. Mwenye malalamiko ya bidhaa bandia Tanzania anaweza kuyafikisha Tume ya Ushindani, na kwa hiyo stakabadhi itunzwe.

Kwa mwenye fedha kidogo na gari moja, mpangilio wenye usalama ni kuanza na yaliyo rahisi: kivuli cha kuegeshea, shampuu badala ya sabuni ya unga, kufuta kinyesi cha ndege siku hiyohiyo, na waksi kila baada ya miezi mitatu. Akiona ana siku mbili ambazo gari haliingizi fedha, paa juu ya kichwa na subira ya kufuta mlango nusu kwa nusu, basi chupa ya seramiki inaweza kumlipa. Bila hivyo vitatu, fedha hiyo ni afadhali iende kwenye tairi.